Nionyeshe hiyo jeni safi

Kuna klipu imezunguka kwa simu za watu wiki hii yote. Najua umeiona. Jamaa ana maiki kubwa mbele ya mdomo, taa za zambarau nyuma, na saa inayong'aa kuliko hoja zake. Nimeitazama mara nne nikidhani labda nilimskia vibaya. Anasema asili haikosei. Anasema asili imepanga wanawake wengi kwa kila mwanaume imara, ati angalia hata wadudu. Halafu anamalizia: kazi ya mwanaume ni kutafuta mwanamke wa jeni safi, na ukiona familia ina ugonjwa wa damu, kimbia, hiyo ni takataka ambayo asili inajaribu kutupa.

Takataka. Hapo nikaweka simu chini.

Nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu bei ya bando. Itangoja.

Na kabla mjae kwa komenti: ndiyo, niliacha chuo. Biolojia, mwaka wa pili, karo ikakataa. Kila nikigusa sayansi kuna mtu lazima aulize cheti kiko wapi. Sina. Huyo jamaa wa maiki pia hana, lakini yeye sijaona mkimuuliza. Mimi angalau nilibaki na daftari zangu na kadi ya maktaba ya umma, na kuna mtu kwetu nyumbani aliyenifanya nisome hii mada ya damu mpaka usiku wa manane. Nitafika kwake.

Tuanze na wadudu kwa sababu ni yeye aliyewaleta.

Lakini kwanza watu. Sensa ya 2019 ilihesabu Kenya hii wanaume 23,548,056 na wanawake 24,014,716. Gawa mwenyewe. Kwa kila wanaume hamsini hivi, mwanamke wa ziada ni mmoja tu. Na pale wodi ya wazazi ni kinyume kabisa: duniani huzaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100. Sasa ule msafara wa wanawake anaoahidi vijana uko wapi? Umekwama Mlolongo?

Swali la maana ni kwa nini idadi inakaribiana hivi. Mfugaji yeyote anajua fahali mmoja anatosha kundi zima. Kama asili ingekuwa inapanga mambo kwa faida ya kundi, ingeleta madume wachache, majike wengi, na kizazi kingekua mbio. Viumbe wengi hawafanyi hivyo. Mwingereza anayeitwa Ronald Fisher alieleza sababu kwa kitabu chake cha 1930, na maelezo yake unaweza kuyaelewa ukiwa umesimama steji.

Siku boda ni chache na abiria ni wengi, mwenye boda anakula vizuri. Watu wanaona. Kila mtu anachukua mkopo, ananunua boda. Baada ya miezi sita boda ni nyingi kuliko abiria, na wengine wameenda kuchoma mahindi. Jinsia iko hivyo. Kila mtoto ana baba mmoja na mama mmoja. Kama madume ni wachache, kila dume kwa wastani anapata watoto wengi kuliko kila jike. Kwa hivyo mzazi ambaye jeni zake zinaelekea kuzaa madume anapata wajukuu wengi, jeni hizo zinaenea, madume wanaongezeka, na ile faida inayeyuka. Madume wakizidi, gari linageuka. Inakuja kutulia katikati. Hakuna aliyekaa chini akapanga, na hakuna aliyelijali kundi.

Shikilia hilo jina Fisher. Nitalirudia, na si kwa sifa.

Sasa, nimtendee haki jamaa: wako kweli wadudu wenye majike wengi kupita kiasi. Twende kwa mkuyu. Pasua tunda la mkuyu likiwa linaiva, utakuta vidudu vidogo sana ndani. Hao ni nyigu wa tini. Mama nyigu huingia tunda likiwa changa, kupitia kitundu chembamba hadi mara nyingi mabawa yanakatikia mlangoni. Hatoki tena. Anataga mayai humo ndani, na ana uwezo ambao mama yako hakuwa nao: anachagua jinsia. Yai akilipa mbegu linakuwa jike. Akilinyima, linakuwa dume.

Kama yuko peke yake ndani ya hilo tunda, wanawe wa kiume watashindana na nani? Wao kwa wao. Na wa kuwapanda ni dada zao wenyewe. Kutaga madume wengi hapo ni kama kufungua vibanda vitano vya chapati kwa ploti moja, vyote vyako. Kwa hivyo anataga madume wachache, wa kutosha tu, na mayai mengine yote yanakuwa majike. Wakiingia akina mama kadhaa kwa tunda moja, hesabu inabadilika na madume wanaongezeka. William Hamilton, Mwingereza mwingine, alipiga hesabu hii 1967. Watu wamepasua matunda ya tini tangu wakati huo, wakahesabu kidudu kimoja kimoja, na idadi inaelekea pale hesabu ilisema.

Na huyo dume mmoja wa majike wengi, yule mfalme wa klipu, maisha yake ni haya: hana mabawa. Anawapanda dada zake wakiwa bado wamefungiwa kwa vijumba vyao, anasaidia kutoboa njia ya wao kutokea, anakufa. Dada wanaruka kwenda kwa mti mwingine. Yeye stori imeisha. Buda, hiyo ndo cheo unatafuta?

Hapo angalau mama nyigu ndiye anayepata faida. Kuna mahali majike ni wengi na faida si ya mdudu kabisa.

Unamjua yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe kwa mabawa, anayepita polepole kama hana haraka na maisha? Jina lake la kisayansi ni Danaus chrysippus na yuko Nairobi hii hii. Watafiti waliofuga vipepeo hawa wa Nairobi walikuta mama baada ya mama anazaa mabinti tupu. Madume hutagwa sawa tu. Shida ni kwamba wanakufa wangali wadogo kabisa, wakiuliwa na bakteria anayeitwa Spiroplasma, anayeishi mwilini mwa mama yao.

Kwa nini bakteria aue wavulana pekee? Fikiria venye anasafiri. Anarithiwa kupitia yai, kutoka mama kwenda kwa mtoto. Mbegu ya dume ni ndogo mno, haimbebi. Kwa bakteria, mtoto wa kiume ni matatu iliyofika mwisho wa safari, haina anayoibebea mbele. Akimuua, dada wanabaki na ushindani mdogo. Kwa wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni, ambao pia wanaambukizwa wauaji wa aina hii, dada wanafikia kula mayai ya kaka zao waliokufa. Aki asili ni tamu.

Na si hapo tu. Utafiti uliotoka 2020 ulionyesha kwamba kwa vipepeo hawa wa huku kwetu, kromosomu iliyobeba jeni za rangi imeungana na kromosomu ya jinsia inayopita kutoka mama kwa binti. Njia ile ile ya bakteria. Kwa hivyo bakteria alipoenea, ile kromosomu nzima ikaenea naye, na rangi yake ikaenea pia, kama makanga aliyening'inia mlangoni. Ukimwona kipepeo huyo ukasema asili imemchagulia rangi inayomfaa, unaweza kuwa unasifia dereva na kumbe ni makanga.

Sasa skia ya Samoa, huko katikati ya Pasifiki. Kipepeo mwingine, Hypolimnas bolina, na muuaji mwingine, bakteria wa jina Wolbachia. Mwaka 2001 madume walikuwa asilimia 1 tu. Mmoja kwa mia. Kufika 2006 walikuwa karibu asilimia 40. Vizazi visivyozidi kumi hivi. Nini kilifanyika? Jeni inayomzuia bakteria kuua ilikuwa imeingia na ikaenea kama moto wa nyasi kavu. Na si kwa sababu vipepeo waliona kwamba wako hatarini. Kila dume aliyeponea alitoka nje akakuta majike tisini na tisa hawana mtu. Jeni iliyomwokoa ikalipwa mara hiyo hiyo. Boda zile zile za Fisher.

Kwa hivyo niulize tu: pale asili "haikosei", ni 2001 au ni 2006?

Mdudu mmoja anatuvusha kutoka hapa hadi kwa damu, naye unamjua vizuri. Mbu. Dume hakuumi, yeye ni mtu wa utamu wa maua. Anayeuma ni jike, kwa sababu anataka protini ya damu yako atengenezee mayai. Mnamo 2014 wanasayansi wa London walitengeneza mbu wa malaria ambaye jeni yake mpya inakatakata kromosomu X wakati mbegu za dume zinatengenezwa. Watoto wake wakawa zaidi ya asilimia 95 madume. Hamilton alikuwa ameonyesha kwa hesabu, miaka karibu hamsini kabla, kwamba kitu kama hicho kikikaa kwa kromosomu ya kiume kikajieneza chenyewe kinaweza kuimaliza jamii nzima ya mdudu. Ona hapo. Hiyo ni "asili" ile ile, na inaweza kuwapeleka wenyewe kaburini bila kusimama. Haiangalii mbele. Haina macho.

Na mbu huyo jike, kwa miaka maelfu, ndiye amekuwa akiandika damu yetu.

Jamaa alisema damu safi. Damu safi zaidi ninayoijua ni ya samaki wa barafu, kule Antaktika. Haina wekundu. Inaonekana kama maji. Mnorwe Johan Ruud aliieleza kwa makala ya 1954: samaki mwenye uti wa mgongo, mzima, anaogelea, na hana himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwako na kwangu. Mababu zake walikuwa nayo. Jeni ziliharibika, na kwa kuwa maji ya baridi kali hubeba oksijeni nyingi, hakufa. Lakini analipa: ana moyo mkubwa, na anasukuma damu nyingi kuliko samaki wenzake wa ukubwa wake, kwa sababu kila tone linabeba kidogo. Hakuna aliyetengeneza kitu bora hapo. Kitu kiliharibika na mazingira yakamvumilia. Kama unataka ukoo wa damu safi, panda meli.

Sisi wengine tuna himoglobini, na iko hivi: minyororo minne imeshikana, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una vipande 146. Selimundu, ile mtaani tunaita sikoseli, ni kipande kimoja, cha sita, kimebadilishwa na kingine. Herufi moja tu ya DNA. Oksijeni ikishatoka, himoglobini hizo zinanasana na kuwa kama vijiti, chembe nyekundu inapinda kama mundu wa kukatia nyasi, na hapo ndo jina linatoka. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120. Hii hupasuka baada ya siku kumi au ishirini. Zikiziba mshipa mdogo, ni maumivu ambayo nimeyaona na sitayaeleza hapa.

Nakala moja ya jeni hiyo, unaishi kawaida, wengi hata hawajui wanayo. Nakala mbili, unaugua.

Aliyefungua fumbo hili alikulia hapa. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini, akalelewa Kenya, na mwaka 1949 alizunguka nchi hii akipima damu za watu. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria aliwakuta wenye jeni ya selimundu ni wengi. Nyanda za juu, karibu hakuna. Weka hiyo ramani juu ya ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: wenye nakala moja wana kinga dhidi ya malaria. Wengi walimpinga, na muda ukampa haki. Leo tunajua kinga hiyo dhidi ya malaria kali ni ya karibu asilimia 90. Hakuna jeni nyingine ya kuzuia malaria inayoifikia kwa urahisi.

Sasa kaa chini upige hesabu na mimi, kwa sababu hapa ndo kila kitu kiko. Chukua watoto 1,000 mahali penye malaria. Sema kwa kila nakala kumi za jeni ya beta, moja ni ya selimundu. Ukichanganya bila upendeleo unapata watoto 810 wasio nayo, 180 wenye nakala moja, na 10 wenye mbili. Wale 810 malaria inawapiga bila kizuizi. Wale 180 wanaponea. Wale 10, zamani kabla ya dawa, wengi walikufa wakiwa wadogo. Na jambo la kikatili zaidi: hao kumi, malaria ikiwashika, ni hatari kwao kuliko kwa karibu mtu yeyote. Jeni ile ile. Kwa mia na themanini ni ngao, kwa kumi ni kisu.

Jeni inabaki kijijini kwa sababu vifo vilivyozuiwa kwa wale 180 vinafidia vifo vya wale 10. Vinafidia idadi ya nakala, yaani. Mama wa mmoja wa hao kumi hafidiwi na mtu.

Nionyeshe sasa, kati ya hao elfu, msafi ni nani. Ni wale 810? Hao ndio walikuwa wakizikwa na homa. Ni wale 180? Wawili wao wakioana, mtoto anaweza kuwa kati ya wale kumi. Na ukiihamisha familia hiyo yote kutoka Kilifi hadi Nyeri, ambapo malaria haisumbui, ngao inakuwa haina kazi na kisu kinabaki. Jeni haijabadilika hata herufi. Kilichobadilika ni anwani.

Na bado haijaisha. Kilifi kuna jeni nyingine nyingi za aina hii, mojawapo inapunguza minyororo ya alfa. Hiyo pia inazuia malaria kiasi. Kwa hivyo mtu mwenye zote mbili, hiyo ya alfa na nakala moja ya selimundu, atakuwa na ngao mbili, si ndio? Watafiti wa Kilifi waliangalia, wakachapisha 2005: zikikutana, kinga inapotea karibu yote. Mbili nzuri zikiwekwa nyumba moja zinafutana. Niliposoma hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwa matatu mpaka mama wa kiti cha pili akasogea.

Kwa hivyo mtu akisimama na maiki akakwambia "jeni nzuri" bila kusema ni wapi, na iko na nani, hajasema kitu.

Hii kiburi si mpya, na haikuanza na wajinga. Nilisema mkumbuke Fisher. Bingwa huyo wa hesabu za jinsia alikuwa pia mtetezi mkubwa wa mawazo ya kuzalisha watu "bora" na kupunguza "duni". Chuo chake kule Cambridge kiliondoa kioo cha dirisha kilichomkumbuka, mwaka 2020. Linus Pauling naye, ambaye mwaka 1949 yeye na wenzake walionyesha kwamba selimundu ni ugonjwa wa molekuli ya himoglobini, na ambaye alipata Tuzo ya Nobel mara mbili, mnamo 1968 alipendekeza vijana wenye jeni hiyo wachorwe alama ya tatuu kwenye paji la uso. Kwenye uso! Ili wakikutana wasipendane. Na huko Marekani chuo cha maafisa wa jeshi la anga kiliwakataa vijana wenye nakala moja, watu wazima wa afya, hadi 1981. Unaweza kukisia wengi wao walikuwa rangi gani.

Hao walikuwa watu wenye akili kuliko mimi na wewe. Hesabu yao ilikuwa sawa. Walichokosea ni kudhani kwamba wakijua jeni wamemjua mtu.

Haya. Kwetu.

Shangazi yangu aliolewa upande wa ziwa. Mtoto wake wa kwanza, nitamwita Kadogo, alipofika miezi minane vidole vya mikono na miguu vilivimba kama soseji, akalia siku tatu. Walisema jicho baya. Wakasema meno. Alipopelekwa hospitali na kipimo kikarudi, upande wa baba ulikuwa na jibu tayari: damu mbaya imeletwa na mwanamke. Daktari akaomba wazazi wote wawili wapimwe. Shangazi akapimwa. Mjomba, nitamwita hivyo kwa heshima tu, akasema kwao hakuna hiyo kitu.

Mtoto mwenye nakala mbili alipata moja kwa mama na moja kwa baba. Mlango wa tatu haupo. Kumkataa daktari hakuitoi kwa damu yako. Lakini yeye aliondoka, na mamake akamwambia amefanya vyema, akatafute mahali pasafi. Ameoa tena. Hajapimwa mpaka leo. Mke wake mpya hajui kuna kitu cha kupimwa, na wanaishi huko huko ziwani, mahali ambapo wenye nakala moja ni wengi kuliko karibu popote Kenya. Shangazi alitaka kumtafuta yule dada amwambie. Familia ikamwambia asilete wivu.

Ndiyo maana ile klipu haikunichekesha. Mjomba hakuhitaji podikasti ili awe mwoga, lakini sasa kuna vijana elfu hamsini wameipenda, na kila mmoja wao amepewa ruhusa ya kuwa yeye.

Kuna mtu ataniambia, si jamaa anasema tu watu wajue familia wanazoingia? Nitampa hapo. Kujua ni kuzuri. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kupima na kukimbia. Anayekimbia anaangalia ukoo wa mwenzake, na nakala moja haionekani kwa macho. Haina dalili kwa mjomba aliyevaa suti. Wewe unayekimbia unaweza kuwa ndiye unayeibeba. Kipimo cha himoglobini ni damu kidogo kwa chupa, na majibu yake ni yako mwenyewe kwanza kabla hayajawa ya mchumba wako.

Na wote wawili mkiwa na nakala moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Kila mimba. Sio ati mmoja akishaugua basi watatu wanaofuata wako salama. Sarafu haina kumbukumbu. Mkijua hivyo, mnaweza kuamua kuendelea, kuacha, kulea, kupimisha mtoto akizaliwa. Ni yenu kuamua. Mimi sitawachorea tatuu.

Kupimisha mtoto akizaliwa ndo kitu ningetaka hao elfu hamsini wapigie kelele. Kadogo aligundulika miezi minane kwa sababu vidole vilivimba. Wengine hawafiki hapo, wanazikwa ikiandikwa malaria au homa ya mapafu, na hakuna anayejua walikuwa kati ya wale kumi. Ukijua mapema kuna penisilini, kuna chanjo, kuna kinga ya malaria, kuna haidroksiurea. Hiyo ya mwisho ni ya ajabu: inausukuma mwili uwashe tena himoglobini ya mtoto wa tumboni, jeni ya zamani ambayo mwili huizima baada ya kuzaliwa. Himoglobini hiyo haina kile kipande kilichobadilika, na inazuia zile nyingine zisinasane. Dawa ipo. Inanywewa kila siku, na kila mwezi kuna mtu kwetu anatafuta pesa za kuinunua, na wakati mwingine mtu huyo ni mimi, na hiyo ndo sababu video zangu zina matangazo mengi. Mnaolalamika sasa mmejua.

Kadogo ana miaka kumi na moja. Anacheza beki ya kushoto akiwa mzima, anakunywa maji kwa chupa kubwa ya lita mbili kwa sababu akikauka anaugua, na amenishinda kwa drafti mara nyingi kuliko ningependa kusema hadharani. Jumapili aliniuliza kama ile klipu ni ya ukweli. Kumbe rafiki yake wa shule alimtumia.

Nilienda nikamwachia jamaa komenti moja, bila matusi. Nilimpa wale watoto 1,000 na zile namba tatu, nikamwomba ataje ni akina nani wasafi. Alijibu na emoji ya kucheka. Nikauliza tena. Akanipiga bloku.

Swali bado liko pale chini. Kama hajakubloku, mwulize wewe.